Mafuta yamo ndani ya kompresa ya kiwambo, lakini hayagusi gesi

Wengi wakisikia kwamba kompresa ya kiwambo, yaani mashine ya kushindilia gesi, ina pistoni na mafuta, huamua papo hapo kuwa gesi itatoka na mafuta. Sivyo. Pistoni haiifikii gesi kabisa. Inasukuma mafuta ya haidroliki, nayo mafuta yanakisukuma kiwambo, ambacho si mpira bali ni bamba jembamba la chuma lililobanwa kingo zote. Kikibonyea upande wa gesi, nafasi inapungua na gesi inashindiliwa hadi valvu ya kutolea ifunguke. Pistoni ikirudi, kiwambo nacho kinarudi na gesi nyingine inaingia.

Uzuri hasa uko kwenye ulinzi wake. Kwa kawaida kiwambo hicho huwa na mabamba 3 yaliyobebana: moja upande wa mafuta, moja upande wa gesi, na la kati lina mifereji. Lolote likipasuka, kinachovuja hufuata mifereji hiyo hadi kwenye kipima presha, na mashine huzimwa kabla mafuta hayajafika kwenye gesi.

Baadhi ya vituo vya kujazia magari haidrojeni, ambako tangi hujazwa hadi presha ya baa 700, hutumia kompresa hizi kwa sababu hiyo.