Waziri akitangaza, je, imekuwa sheria?

Nchini Kenya wengi huamini kwamba kanuni iliyotungwa na waziri ikishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mjadala umekwisha. Sivyo. Ibara ya 94 ya Katiba inasema hakuna mtu wala chombo kingine isipokuwa Bunge chenye uwezo wa kutunga sheria, ila kwa mamlaka yaliyotolewa na Katiba au sheria. Waziri, basi, anatumia uwezo wa kuazimwa.

Na uwezo huo una masharti makali. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni za aina hii inamtaka kwanza ashauriane na watakaoguswa, hasa wafanyabiashara. Zikishachapishwa, ana siku 7 za vikao, yaani siku ambazo Bunge linakutana, kuziwasilisha bungeni. Akichelewa, zinakufa zenyewe, hata kama hakuna aliyelalamika! Zikifika, wabunge wanaweza kuzibatilisha. Zinazopona hukoma baada ya miaka 10 zisipofutwa mapema au kuongezewa muda.

Kwa hiyo ukitozwa ada mpya, uliza: inatokana na sheria gani? Kanuni yake ilifikishwa bungeni lini? Ni haki yako kuuliza, na Mahakama Kuu husikiliza kesi za namna hiyo.