Pikipiki ya zamani: iguse injini kabla hujamsikiliza muuzaji

Wanaotaka kununua pikipiki ya miaka ya 1960 au 1970 huniuliza swali lilelile: "Fundi, modeli hii inaaminika?" Huwa nawajibu kwamba swali hilo limechelewa. Lilikuwa na maana pikipiki ilipokuwa mpya dukani. Baada ya miaka hamsini imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameacha alama yake: huyu alibadilisha oili kwa wakati, yule alikaza boliti za kichwa cha injini kwa nguvu za kifua, mwingine aliiegesha bandani mwaka hadi mwaka, petroli ikiwa ndani ya tangi. Honda CB750 iliyotunzwa ovyo itakulaza njiani. Triumph Bonneville, ambayo watu huitania kwa kuvuja oili, itakufikisha uendako kama ilishikwa na mtu anayejua kazi.

Jina lililoandikwa kwenye tangi lina kazi moja tu kwangu: kuniambia nianzie wapi kutazama. CB750 za mwanzo, zilizotoka kuanzia mwaka 1969, cheni ikikatika ilikuwa inajikusanya nyuma ya sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) na kupasua ukuta wa injini. Kwa hiyo nikiinama kwenye CB750 ya kale, napitisha kidole nyuma ya sproketi hiyo nikitafuta mshono wa kuchomelea au oili inayochuruzika mahali isipotakiwa. Moto Guzzi nyingi za miaka ya 1970 silinda zake zilipakwa kromu kwa ndani; kromu ikianza kubanduka, vipande vyake husafiri na oili na kusaga kila kilichomo. Honda CX500, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, koili zake za kuchaji zikiungua, injini lazima ishushwe ndipo uzifikie. Norton Commando inaning'iniza injini kwenye raba, na raba zikichoka utahisi pikipiki inayumba kwenye kona. Soma udhaifu wa modeli yako usiku mmoja kabla ya kwenda. Ukifika, kinachobaki ni pikipiki hii moja iliyo mbele yako.

Kabla hata salamu hazijaisha, weka kiganja kwenye silinda. Iwe baridi. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuisikia ikiwaka kutoka baridi, na ukikuta ina joto, uliza kwa upole kwa nini. Majibu ni mengi na mengine ni ya kweli, lakini mimi huaga na kuomba kurudi siku nyingine. Injini yenye joto inaficha karibu kila kitu ninachotaka kukijua: kama inahangaika kuwaka, kama pistoni zimelegea, kama kuna oili iliyopenya polepole usiku kucha kuingia mahali pasipo pake.

Pikipiki za Kiingereza zenye tangi la oili lililo peke yake zina mtego wa ziada hapa. Zikisimama wiki kadhaa, oili hupenya kwenye pampu na kushuka chini ya injini, na ukifungua tangi unadhani imekwisha. Mwenye haraka anaongeza. Ikiwashwa, moshi unafunika uwanja mzima, na oili iliyozidi inatafuta pa kutokea kupitia sili. Oili kushuka si ugonjwa wa kufa, ila muulize muuzaji anafanyaje pikipiki ikikaa muda mrefu. Anayekujibu kwamba humwaga ya chini kwanza kabla ya kupiga kiki anaijua pikipiki yake. Anayekutazama tu hajui alichonacho.

Sasa iwashe na unyamaze. Nasema unyamaze kwa sababu wauzaji wengi huanza kusimulia dakika hiyohiyo, na dakika mbili za kwanza ndizo zenye habari. Mlio wa pistoni kugonga ukuta wa silinda husikika injini ikiwa baridi na hupungua inapopata moto. Ukipotea kabisa unaweza kuishi nao. Kishindo kizito kinachotoka chini, kinachokuwa kikali unapovuta mafuta, ni beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankshafti (mhimili mkuu wa injini), na hapo unazungumzia kufungua injini nzima. Ngurumo nzito inayotikisa mpaka sehemu za kukanyagia ni beringi kuu za krankshafti. Mchakacho upande wa silinda unaotulia ukipandisha mzunguko kidogo mara nyingi ni cheni inayozungusha kemshafti (mhimili unaofungua valvu), ambayo pengine inahitaji kukazwa tu. Tapeti, yaani vidude vinavyosukuma valvu, zikitikatika kidogo hazinitishi hata chembe. Zilizo kimya kabisa ndizo zinazonitia wasiwasi, maana huenda zimebanwa mno, valvu haifungi sawasawa, na ya ekzosi inaungua taratibu bila kelele.

Tazama moshi mtu mwingine akishika akselereta. Mvuke mweupe unaoisha baada ya muda mfupi ni unyevu wa kwenye silensa, uache. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na tiba yake iko kwenye kabureta. Wa bluu unaotoka wakati wote injini inapobebeshwa kazi unaelekeza kwenye ringi za pistoni. Ukitoka tu pale unapoachia akselereta kisha ukaivuta tena, oili inapita kwenye bushi zinazoongoza valvu. Ni kazi ya kichwa cha injini, nafuu kuliko ile ya kwanza. Pikipiki za viharusi viwili, zinazochoma oili pamoja na petroli, kama Yamaha RD350 na wenzake, zinavuta moshi kwa asili yake, kwa hiyo hapo natazama kitu kingine: oili ya gia ikipungua bila kuvuja nje, sili ya krankshafti upande wa klachi imekufa na injini inaichoma. Mzunguko ukipanda wenyewe bila kuguswa, kuna mahali inavuta hewa ya ziada, mara nyingi kwenye sili ya upande wa pili, na injini ya namna hiyo huishia kuunguza pistoni.

Ukiwa na kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kitumie na akselereta ikiwa wazi kabisa. Tofauti baina ya silinda na silinda ndiyo ya kutazama zaidi ya namba yenyewe; ikizidi sehemu moja ya kumi, tia oili kidogo kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi.

Kuna imani moja inayowagharimu wanunuzi: kwamba kilomita chache ni sifa. Mita ya pikipiki hizi inaendeshwa na kebo, na inabadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi. Raba za kukanyagia, ncha ya pedeli ya breki na meno ya sproketi husema ukweli zaidi. Lakini hata kilomita zikiwa za kweli, pikipiki iliyosimama ndiyo inayonitisha kuliko iliyotembea. Ikikaa bure, sili zinakauka, ringi zinashika kutu kwenye ukuta wa silinda, sahani za klachi zinagandana, na petroli inageuka utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta. Petroli iliyokufa inanuka kama vanishi. Fungua tangi unuse. Halafu ingiza mwanga wa tochi. Kutu nyepesi inasafishika. Ukiona tangi limepakwa rangi ya kuzuia kutu ndani na imeanza kubanduka kama ngozi, jua utazibua kabureta kila mara mpaka uitoe yote. Kwenye ukuta wa tairi tafuta tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikiwa tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, haijalishi kashata zake zinang'aa vipi.

Umeme nitaupitia haraka, kwa sababu mita ndogo ya umeme inamaliza ubishi. Kwa mfumo wa volti 12, betri iliyojaa inasoma karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa. Washa taa, pandisha mpaka mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika. Inapaswa kufika kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, haichaji. Ikipita 15, inapika betri. Pikipiki nyingi za Kiingereza za enzi hizo zimeunganishwa chanya kwenye fremu, kwa hiyo usishtuke ukiona waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye chuma. Shtuka ukisikia mtu "aliurekebisha". Inua kiti. Waya za kuungia taa za nyumbani zilizofungwa kwa utepe ni sababu tosha ya kupunguza bei.

Weka stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe hewani, na ugeuze usukani polepole kwa vidole viwili. Ukihisi unanasa kidogo katikati, beringi za shingo zimechimbika. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia: mchezo wowote ni bushi za mkono unaolishika, au beringi za gurudumu lenyewe. Pitisha ukucha kwenye nguzo za shokamzoba za mbele; ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya hazitadumu.

Namba za fremu na injini zilinganishe na karatasi, kisha zitazame kwa jicho la karibu. Triumph, kuanzia mwaka 1969 hivi, walianza kupiga namba ya injini juu ya sehemu iliyojaa nembo ndogo za kiwanda, ili anayeikwangua aonekane. Sehemu hiyo ikiwa laini na namba zinayumba, rudisha karatasi na uondoke.

Pikipiki iliyopakwa rangi upya na kung'arishwa kila kona ndiyo ninayoikagua kwa muda mrefu zaidi. Rangi ni kazi rahisi na inapigwa picha vizuri. Nataka kuona picha za injini ikiwa wazi, risiti za spea zenye ukubwa wa pistoni, jina la karakana iliyochonga krankshafti. Asiye na hivyo amenunua rangi, na sasa anataka kukuuzia wewe. Kati yake na ile yenye mikwaruzo lakini inayoendeshwa kila wiki na mwenye daftari la oili, nachukua ya mikwaruzo.

Spea nazo ni sehemu ya uaminifu, ingawa wengi huzikumbuka baadaye. Bonneville, CB750, Yamaha XS650, BMW za silinda mbili zinazopoozwa kwa hewa, Royal Enfield Bullet: vipuri vya hizi bado vinatengenezwa na kuuzwa. Modeli adimu inaweza kuwa imara kama jiwe, ila gasketi moja ikikosekana itakaa bandani msimu mzima.

Mwisho iendeshe, au kama huna uzoefu, umpe unayemwamini aiendeshe. Ipite gia zote ikipanda na kushuka. Inayoruka kutoka kwenye gia unapovuta mafuta ina meno yaliyolika, na hiyo ni kazi ya kupasua injini. Endesha angalau dakika ishirini, izime, subiri dakika kumi ikiwa na joto lake, halafu iwashe tena. Zenye koili iliyochoka au valvu zilizobana hugoma papo hapo. Wakati unasubiri, chuchumaa utazame chini yake, na kama muuzaji hajakubali uendeshe hata kidogo, lipia bei ya spea, si bei ya pikipiki.