Eti korona ilijua kuhesabu hadi 15?

Juzi nilikuwa Kayole, mtaa wa Nairobi, ukumbi wa kanisa, nikizungumza na wahamasishaji wa afya ya jamii kuhusu ugonjwa wa mpox (ndui ya nyani). Sijafika hata katikati, mzee mmoja akainua mkono. "Daktari, mtatufungia tena? Maana ile korona yenu ilikuwa na akili. Ikikuta watu 15 matangani inapita, ikikuta 16 inaingia." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi si daktari, ni afisa wa afya ya umma, na mzaha huo nimeusikia tangu 2020, serikali ya Kenya ilipoweka kikomo cha watu 15 mazishini kwa sababu ya korona. Nimeusikia kwa makanga, kwa wahubiri, na kwa shemeji yangu kila Krismasi. Naujibu kwa maandishi ili siku nyingine nimtumie mtu kwenye simu, nimalize chai yangu.

"Kwani virusi vinajua kuhesabu?"

Havijui. Tunaohesabu ni sisi, na tunachohesabu ni uwezekano wa mwenye virusi kuwemo kwenye kundi. Tuseme mtaani kwako mtu 1 kati ya 100 anavyo na hajijui. Shika hapo kwenye hajijui, kwa sababu mtu wa korona huanza kuambukiza siku mbili hivi kabla ya kukohoa, na wengine hawakohoi kabisa. Kwa hiyo usije na ile ya "lakini wote waliokuja walikuwa wazima."

Ukikusanya watu 15, uwezekano kwamba angalau mmoja wao anavyo ni asilimia 14. Kusanya 50, unakaribia 40. Kusanya 100, ni 63. Watu 200, ambao kwetu ni matanga ya mtu wa kawaida tu, ni asilimia 87. Kati ya 15 na 16 hakuna ukuta wowote; tofauti haifiki hata asilimia moja. Huo ni mlima, na kwenye mlima lazima mtu aseme tunasimama hapa. Machi 2020 mazishi yaliwekewa watu 15. Julai tukapandishwa hadi 100, Machi 2021 tukashushwa hadi 50, na watu wakadai serikali inabahatisha. Lakini maambukizi nayo yalikuwa yakipanda na kushuka. Mwenye virusi akiwa 1 kati ya 1,000, hata watu 100 wanakupa uwezekano usiofika asilimia 10. Ni namba ileile ya watu, hatari nyingine kabisa.

Halafu kuna anaowakuta huyo mmoja akishaingia. Machi 10, 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Mmoja alikuwa na dalili kama za mafua. Walioishia kuugua, yeye akiwemo, ni 53, ingawa 20 kati yao hawakuthibitishwa kwa kipimo. Wawili walifariki. Angekuwa na wenzake wanne sebuleni, habari ingeishia hapo.

Sasa kosa letu, maana nalo lipo. Tulitangaza namba bila sababu yake, kisha polisi wakaifafanua kwa rungu. Mimi mwenyewe, Aprili ile, nilisimama na daftari kwenye lango la makaburi ya Lang'ata. Wa 15 alipopita nikalifunga, nikajiona nimefanya kazi. Kugeuka, nikaona waombolezaji waliobaki wamejazana ndani ya basi dogo kando ya barabara. Mvua ilikuwa inanyesha, vioo vimefungwa hadi vimeshika ukungu, na wao wanaimba mapambio kwa sauti ya juu. Wale 15 wangu walikuwa kwenye upepo. Hatari yote ilikuwa ndani ya lile basi, na ni daftari langu lililowasukuma humo.

Tangu siku hiyo nina wimbo mmoja, na wenzangu kazini wameuchoka: fungua dirisha. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliandika mwishoni mwa Machi 2020 kwamba korona haienei hewani, na halikusema waziwazi kwamba huenea hewani hadi 2021. Sisi tukapanga mitungi ya maji na sabuni kila mlango, jambo jema sana kwa kipindupindu, huku matatu zikipita Julai, baridi ya Nairobi, bila ufa wa dirisha.

"Kafyu ilimaanisha korona hutembea usiku."

Ilimaanisha baa na sherehe hufanyika usiku. Ila wanaolalamika wana hoja moja: kila mtu alipotakiwa awe nyumbani saa moja jioni, na matatu ya watu 14 inabeba 8 tu, steji za mjini zilifurika kuanzia saa kumi na moja. Hilo lingeweza kupangwa vizuri zaidi.

"Wanasiasa walijaza viwanja, mbona hawakufa?"

Walijaza, na iliniudhi kuliko ilivyokuudhi wewe. Maambukizi yakapanda Oktoba 2020, na Novemba 4 Rais Kenyatta akaisimamisha mikutano yao kwa siku 60. Mwenye gari kubwa akivuka taa nyekundu asigongwe, taa haijageuka pambo.

"Kanisani virusi viliangalia kitambulisho?"

Ni ile ya Julai 2020: watu 100, ibada ya saa moja, wa chini ya miaka 13 na wa zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Ya wazee ni wazi, umri ndio uliokuwa ukiua. Ya watoto sikuielewa vizuri wakati ule na sijaielewa hadi leo.

"Kwetu haikufika."

KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilipima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Takribani asilimia 4 walikuwa na kingamwili, yaani alama kwenye damu kwamba virusi vilishawapitia, wakati ambapo waliothibitishwa nchi nzima hawajafika 5,000. Piga hesabu mwenyewe.

Nilipomaliza haya pale Kayole, mzee hakukubali, lakini aliuliza swali zuri: "Basi mpox mtatuwekea watu wangapi?" Nikamwambia mpox huenea hasa kwa ngozi kugusana na kwa kulala pamoja, hivyo swali la kwanza ni nani amemgusa nani, nani ametumia shuka la nani. Mama mmoja akayaandika maneno hayo na kuyapigia mstari.

Kisha nikaangalia ukumbi. Watu 40, madirisha sita, yote yamefungwa. Nikainuka nikafungua mawili ya karibu yangu. Sijarudi kwenye kiti, kijana wa nyuma akayafunga. Vumbi, alisema.