Hivi mkaguzi wa draiva anajuaje kuna kosa wakati kadi yenyewe hana?

Je wajua, mtu anayekagua mabadiliko ya draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao kwenye Linux mara nyingi hiyo kadi hana? Hajawahi kuichomeka, pengine hata kuiona hajaiona, na bado anasoma mistari kumi na tano ya mwenzie halafu anajibu "hapa kuna kosa", na kosa lipo kweli.

Mi kwa muda mrefu niliamini kukagua ni kujaribisha. Yaani unachukua pachi, ndo hayo mabadiliko ya mwenzio, unaipakia kwenye mashine, unapiga ping kuona kama mashine ya pili inajibu, unashusha faili kubwa, intaneti ikipita unasema sawa ipite. Na mwenye pachi akiandika "nimejaribu, inafanya kazi" nilikuwa naona habari imeishia hapo, sasa huyu mkaguzi anaendelea kuuliza nini tena. Kumbe kujaribisha ni kazi ya mwenye pachi na ya mitambo inayokompaili, yaani kugeuza maandishi kuwa programu, kwa aina mbalimbali za prosesa. Mkaguzi anatafuta kile ambacho majaribio hayawezi kukionyesha, na kwenye draiva vitu vya namna hiyo ni vingi kuliko nilivyodhani.

Chukua hili la mwaka 2003. Fremu ya Etheneti, yaani kile kifurushi cha data kinachopita kwenye waya wa mtandao, inatakiwa ibebe data isiyopungua baiti 46, data ikiwa chache draiva inajazia, na inatakiwa ijazie sifuri. Ofir Arkin na Josh Anderson, waliokuwa kampuni ya @stake, wakaonyesha kuwa draiva kadhaa, za Linux zikiwemo, hazikuwa zinajazia kitu, zilikuwa zinarefusha ule urefu tu, kwa hiyo kadi inaokota chochote kilichobaki pale kwenye memori na kukitoa nje. Mtu wa upande wa pili aliyekaa kusikiliza anaweza kupata vipande vya pakiti za watu wengine! Na muda wote huo ping inapita, faili zinashuka, kasi iko vilevile, kwa sababu mpokeaji wa kawaida anayatupa hayo majazio bila kuyaangalia. Ungejaribisha mwaka mzima usione. Ukisoma mistari ukajiuliza "hizi baiti za mwisho nani kaziandika?" unaona hapohapo.

Kwa hiyo sentensi "kwangu inafanya kazi" ina maana ndogo sana kwenye draiva, na hili ndo lilinichukua muda kulikubali.

Ila kosa linalonivutia kuliko yote ni la mpangilio. Ngoja nilieleze taratibu.

Prosesa na kadi ya mtandao ni vitu viwili vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, na vinapeana mzigo kupitia nafasi zilizopangwa duara kwenye memori. Draiva ya r8169, ya zile kadi za Realtek zilizojaa kwenye kompyuta za bei ya kawaida, ina nafasi 256 za kutuma. Kila nafasi ina anwani ya pale data ilipo, urefu wake, na biti moja inayosema "sasa hii ni ya kadi".

Fikiria ofisi ya vifurushi pale stendi ya basi. Una maboksi yako yamepangwa, ni yaleyale kila siku, yakienda yanarudi yanatumika tena. Utingo akipita haulizi mtu, boksi lenye tiki ya chaki anabeba, lisilo na tiki analiacha. Umemwambia kijana wako aandike jina la mpokeaji, aandike uzito, halafu ndo apige tiki. Sasa kijana ana haraka, chaki anayo mkononi tayari, kwake yeye hizo ni kazi tatu zisizotegemeana, anaona bora aanze na tiki kisha ageuke kutafuta kalamu. Siku nyingi utingo yuko mbali na hakuna kinachoharibika. Siku moja utingo anapita katikati ya hizo sekunde mbili, anabeba boksi, na juu yake bado kuna jina la mtu wa safari iliyopita.

Hivyo ndivyo inavyotokea. Kompaila (inayogeuza maandishi kuwa amri za mashine) na prosesa za aina nyingi wana ruhusa ya kubadilisha mpangilio wa kuandika kama hawaoni uhusiano kati ya vitu viwili, na hawajui kama kuna kadi inachungulia ile memori. Kadi ikiona biti kabla ya anwani mpya, inasoma anwani ya zamani na kutuma kilichopo huko. Dawa yake ni mstari mmoja kabla ya biti, dma_wmb(), wenye maana ya "yote ya juu yakamilike kwanza ndo uendelee".

Kwenye r8169 kuna kitu kizuri zaidi hapo. Pakiti ikiwa ya vipande vitatu, draiva inaziachia kwanza nafasi ya pili na ya tatu, halafu inakuja dma_wmb, halafu biti ya nafasi ya kwanza inawekwa mwisho kabisa. Utingo anapita kwa mpangilio, akikuta la kwanza halina tiki anasimama hapo, kwa hiyo tiki moja ndo inaachia mzigo mzima. Nilipoliona hilo nilisoma ile sehemu mara tatu.

Si kila draiva inahitaji mstari huo sehemu hiyohiyo lakini. Kuna kadi ambazo hazichungulii memori mpaka uziandikie rejista ya kuziamsha (sehemu ndani ya kadi ya kupokea maagizo), na ukiziandikia kwa writel ya kawaida, fankisheni ya kazi hiyo, yenyewe tayari inahakikisha maandishi ya nyuma yametangulia. Ukitumia writel_relaxed, uhakika huo huna. Ndo maana utakuta mkaguzi anang'ang'ania neno moja mwisho wa jina la fankisheni, na mtu wa nje anaona kama anasumbua watu.

Swali hilohilo la mpangilio linarudi hata wakati draiva inaanza. register_netdev, fankisheni inayoitambulisha kadi kwa Linux, inatakiwa iwe karibu na mwisho, kwa sababu ikishaitwa tu, programu yoyote inaweza kuifungua kadi muda huohuo, na kama kuna kitu ulipanga kukitayarisha mstari unaofuata umeshachelewa.

Sasa kwa nini majaribio hayalioni lile kosa la tiki? Prosesa za x86, zile za Intel na AMD, haziandiki memori ya kawaida kwa kupindua mpangilio, kwa hiyo huko dma_wmb haizalishi amri hata moja, ni zuio kwa kompaila tu. Kwenye ARM ya biti 64, aina nyingine ya prosesa, inageuka kuwa amri ya kweli, dmb oshst. Mtu ameandika pachi kwenye laptop ya Intel, mstari ameusahau, amepima wiki nzima, na anasema kweli kabisa kwamba inafanya kazi. Anayekuja kukwama ni mwenye kompyuta ndogo ya ARM yenye kadi hiyohiyo, pakiti moja moja zinaharibika na hakuna anayejua kwa nini.