Ametolewa bwawani, anakohoa: usimlaze, mlete

Zamani mtoto wa Tanga alijifunza kuogelea Raskazone, maji yakijaa, kaka zake wakimwangalia. Siku hizi mtu anajenga Sahare au Mwambani, uani anachimba bwawa, halafu bwawa lote anaachiwa kijana wa bustani. Likizo za shule na sikukuu za Idi tunaletewa matokeo yake hapa dharura. Maswali haya nimeyajibu mlangoni mara nyingi mno. Nayajibu tena.

Kuzama ni nini hasa?

Ni kushindwa kupumua kwa sababu ya maji. Mwingine hufa, mwingine hubaki na madhara, mwingine hupona kabisa. Kwa hiyo mtoto aliyetolewa akiwa hai, akahangaika kupumua, naye amezama, hata kama sasa hivi anadai juisi.

Alikohoa, akatapika maji, akachangamka. Si nimwache tu apumzike?

Hapana. Mlete.

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa, na utando mwembamba unaovizuia visinywee. Maji huuharibu utando huo. Vifuko vinaanza kushikana, majimaji ya mwili yanavujia ndani, na hewa inapungua polepole. Saa ya kwanza mtoto anacheza, saa ya tano anapumua mbavu zikiingia ndani. Dalili hizi kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 8 za mwanzo, ndiyo maana tunamkalisha hospitali saa 4 hadi 8, tunampima oksijeni kwa kile kidude cha kidoleni na kusikiliza kifua. Akiwa mzima anarudi nyumbani. Mzazi aliyeleta mtoto mzima hatumgombezi. Tunayemgombeza ni yule anayefika kesho yake asubuhi.

Bibi yake anasema alale, usingizi ni dawa.

Bibi shikamoo, lakini huo usingizi ndio unaotuponza. Mtoto aliyepungukiwa oksijeni husinzia na kulegea. Ukimlaza saa 2 usiku, utajuaje kama amechoka na michezo au ubongo unakosa hewa? Hutajua. Mlete saa hiyo hiyo, hata kama amesinzia, hata kama ni usiku na umepata bajaji moja tu mtaa mzima.

Kikohozi kisichokoma, kupumua haraka, povu mdomoni, midomo kubadilika rangi, kutapika tena na tena: ukiviona hivyo umeshachelewa kutoka nyumbani. Usivisubiri.

Tumshike miguu, kichwa chini, tumkamue tumbo maji yatoke?

Acheni, jamani. Yanayotoka ni maji na chakula cha tumboni, na vikipanda juu vinaingia mapafuni. Mnazidisha mlichotaka kupunguza, na dakika zinakwenda.

Kama hapumui, mlaze chali sakafuni, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni mara 5, kila mara uone kifua kinainuka. Asiposhtuka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, haraka na kwa nguvu, kisha pulizia mara 2. Rudia bila kuacha, mwenzako akitafuta gari. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, na safari ya hospitali iko palepale.

Kijana wetu alivuta moshi wa dawa ya bwawa. Tumempa maziwa, anasema nafuu.

Maziwa yamekwenda tumboni. Moshi uko kifuani. Hapa tena ni yale yale: mapafu yaliyoungua yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati ninyi mnasifu maziwa. Mpelekeni penye hewa safi, mvueni nguo zilizoloa dawa, macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha mleteni siku hiyo hiyo.

Chanzo karibu kila mara ni ndoo moja. Klorini ya unga na asidi zimekutana humo, gesi ya sumu ikapanda. Kila dawa iwe na ndoo yake na kijiko chake. Na siku zote tia dawa kwenye maji, usimwagie maji kwenye dawa. Kijana huyo mnunulieni glavu na miwani pia, bei yake haifiki ya vile viti vya kuotea jua.

Nitajuaje kuwa bwawa lina tatizo kabla halijamdhuru mtu?

Simama ukingoni kila asubuhi, tazama wavu wa kutolea maji ulio chini kabisa. Usipouona, siku hiyo hakuna anayeingia. Maji yenye ukungu si suala la urembo, yanaficha mtoto. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono, anashuka kimya, na nimesikia zaidi ya mara moja kwamba mtoto alitafutwa chooni na kwa jirani ilhali yuko chini palepale, mwili hauonekani kwa ukungu wa maji.

Harufu kali ya klorini watu huipenda, wanaona ndiyo usafi. Ni kinyume: klorini imeshikana na jasho na mikojo, ya kuua vijidudu imebaki kidogo. Nunua vikaratasi vya kupimia. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe 7.2 hadi 7.8, na kwa jua letu la kaskazi usipime leo ukangoja wiki ijayo.

Ukigusa maji yakakutekenya kama shoti, usiingie. Zima umeme wa pampu kwenye swichi kuu, ita fundi. Kama kuna mtu ndani, zima kwanza ndipo umfuate.

Bwawa lililoachwa likawa la kijani ni kiwanda cha mbu, na Tanga homa ya dengue tuliionja mwaka 2019. Uzio uzunguke pande zote 4, mita 1.2 kwenda juu au zaidi, geti lijifunge lenyewe. Ukuta wa nyumba wenye mlango wa kutokea uani si uzio.

Na macho mekundu, sikio kuuma?

Hayo yanaweza kungoja kliniki ya asubuhi. Ajabu wenye sikio ndio wanaotugongea saa 8 usiku. Mwenye kuhara asiingie bwawani kabisa, kuna vijidudu vinavyoishi kwenye klorini siku kadhaa.

Nikimleta mtaniuliza nini?

Alikaa majini muda gani, alipoteza fahamu au la, nani alimpulizia, amenyweshwa nini. Sema kweli, hasa kuhusu muda. Kama ulikuwa kwenye simu, sema ulikuwa kwenye simu. Dakika mbili ulizotaja kwa aibu, kumbe zilikuwa sita, zinabadilisha tutakachomfanyia.