Alama ya Q haisemi mtoto alishwe biskuti

Kila Aprili na Oktoba, watoto wanapoletwa kupewa vitamini A na dawa ya minyoo, sisi maafisa wa lishe huwauliza wazazi mtoto amekula nini. Majibu ya siku hizi yanatutia wasiwasi: biskuti, krispi, tambi za pakiti, soda. Na mtoto hajatimiza miaka miwili.

Mzazi akielezwa, hutuonyesha alama ya Q kwenye pakiti. Tafadhali tuelewane. Alama hiyo hutolewa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, kuthibitisha kwamba bidhaa imefikia kiwango kilichowekwa. Soda nayo ina kiwango chake. Hakuna palipoandikwa kwamba mwenye miezi kumi ainywe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, unasema vinywaji vilivyotiwa sukari wasinywe. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na karibu vijiko vinane vya chai vya sukari.

Geuza pakiti, utafute orodha ya viungo. Hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, rudisha. Itafute pia kwa majina kama sukrosi, fruktosi na sharubati ya glukosi. Ukikuta rangi, ladha za kutengenezwa na vitu visivyopatikana jikoni kwako, hicho kimesindikwa kupita kiasi, hata kama mbele kimeandikwa “kimeongezwa vitamini”. Maandishi hayo huwapoteza hata waliosoma.

Pakiti isiyo na tarehe ya mwisho wala anwani ya mtengenezaji usiitupe. Andika jina la duka na siku uliyonunua, uipeleke kwa mkaguzi wa afya au ofisi ya UNBS. Malalamiko bila pakiti hayatupi pa kuanzia. Na akija mtu kukugawia maziwa ya kopo ya bure ya kuonjesha mtoto mchanga, tuarifu: kanuni ya kimataifa ya 1981 inakataza, na Uganda ilitunga kanuni zake 1997.

Tunaambiwa chakula cha nyumbani ni kazi. Mukene (dagaa) uliosagwa ukatiwa kwenye uji, dodo (mchicha) kwa mchuzi wa njugu, maharage yaliyopondwa: haya yanapikwa nyumbani tayari. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa krispi maharage hayaingii. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 26 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji chako, ana utepe wa kupimia mkono. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani nyekundu, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo.