Je, wajua kwa nini amri ya kill haiui papo hapo?

Unaandika ripoti kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, mara dirisha linapauka, herufi hazitokei, ukibonyeza kipanya hakuna kinachojibu. Programu imeganda. Wengi hapo hukimbilia kitufe cha kuzima kompyuta. Nakusihi usikiguse. Kwenye Linux, programu moja ikiganda, nyingine mara nyingi ziko salama, na ukizima, kazi zako zilizo wazi humo zitapotea bure.

Subiri kwanza dakika moja au mbili, maana faili kubwa huweza kuichelewesha programu bila kuigandisha. Ikishindikana, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Kwenye Ubuntu ni Ctrl+Alt+T. Skrini nzima ikikwama, jaribu Ctrl+Alt+F3, ambayo hufungua skrini ya maandishi matupu, uingize jina lako na nywila. Kisha andika amri hii (soffice ndilo jina la ndani la LibreOffice):

pgrep -l soffice

Itakujibu kitu kama "4127 soffice.bin". Hiyo ndiyo namba ya programu. Sasa andika kill 4127.

Jina la amri hii linatisha kuliko kazi yake, kwani kill hupeleka ishara tu. Usipoitajia ishara, hupeleka namba 15, SIGTERM, ambayo ni kama kubisha hodi na kuomba: tafadhali funga. Programu iliyotengenezwa vizuri ikisikia hodi hiyo humalizia kuandika diskini, hufuta faili zake za muda, ndipo huondoka.

Namba 9, SIGKILL, haibishi hodi. Programu yenyewe haiioni kabisa. Kiini cha Linux (kernel) ndicho kinachoiondoa. Yaliyokuwa kwenye RAM bila kuhifadhiwa yamekwenda, na faili iliyoandikwa nusu inabaki nusu. Ndiyo maana huniuma nikiona wanaoanza wakifundishwa kill -9 kama dawa ya kwanza. Anza na 15, vuta subira sekunde kumi, na kama programu imekwama kiasi cha kutosikia hodi, hapo tumia kill -9 4127. Hata systemd, programu inayowasha na kuzima huduma za Linux, hufanya hivyo unapozima kompyuta: hutanguliza 15, na kwa kawaida husubiri hadi sekunde 90 kabla ya kutumia 9.

Lakini kuna programu ambazo hata 9 haiziondoi. Andika ps -o pid,stat,cmd -p 4127 uangalie safu ya STAT. Ukiona D, programu inasubiri jibu la diski, labda flashi mbovu, na ishara yako itakaa mlangoni mpaka jibu lipatikane. Ukiona Z, hiyo imeshakufa zamani. Limebaki jina kwenye orodha kwa sababu programu iliyoizaa haijaja kupokea taarifa ya kifo. Haili RAM wala haikuzuii kufanya kazi.

Na kama kompyuta nzima imekataa, hata Ctrl+Alt+F3 haifui dafu, shikilia Alt pamoja na SysRq (mara nyingi ndicho kitufe cha Print Screen), halafu bonyeza S, U, B kwa zamu, ukipumzika sekunde chache kati yake. S humimina diskini yaliyokuwa yakisubiri kuandikwa, U huifunga diski isiandikwe tena, B huwasha kompyuta upya. Ubuntu huziruhusu herufi hizo tatu bila wewe kubadilisha mpangilio wowote.